Simbilisi Aliyepona Kikohozi

Nikiwaambia watu hapa Mbarara kwamba niliwahi kumlisha simbilisi kwa bomba la sindano siku nzima, kama mtoto mchanga, hucheka mpaka wanafuta machozi. Nawaacha wacheke. Hata mimi ningecheka, kama mama yangu asingekuwa amelala pale pembeni kwenye mkeka, akikataa kula.

Simbilisi, au dende kama tunavyomwita sisi tuliotoka Kivu ya Kusini, ni mnyama wa jikoni. Ana urefu wa kiganja na nusu, hana mkia, hajui kuparamia kitu, na kazi yake duniani ni kula majani, kupiga miluzi akisikia kisu kinamenya viazi, na kuzaa. Kwetu ni mali ya wanawake. Mwanamume atakuwa na mbuzi wake na kahawa yake, lakini dende ni wa mama, na hakuna mume anayemchinja bila kuomba ruhusa. Nimeona wanaume wakali wakiomba ruhusa hiyo kwa sauti ya chini kabisa.

Mama alivuka mpaka na majike wawili ndani ya kitenge alichojifunga tumboni. Mimi nilibeba sufuria na godoro la sponji, nikajiona ndiye niliyebeba vya maana, na njia nzima nilimsema. Watu wanakimbiza roho zao, nikamwambia, wewe unakimbiza kitoweo. Yeye akakaza fundo la kitenge. Tulipopewa kiwanja chetu Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, kabla hata udongo wa nyumba haujakauka, alijenga jiko dogo pembeni na kuwafungulia wale wawili humo ndani. Mmoja alikuwa na mimba. Baada ya miaka miwili jiko lilikuwa na dende kumi na mmoja, na Wakongo wenzetu walikuwa wanakuja kutoka kila upande kuomba mbegu. Mama alitoa. Aliyemkataza mtu mbegu sikumwona katika nyumba yetu, na mimi ndiye niliyekuwa nanung'unika.

Kila asubuhi alifagia jiko kwa ufagio mfupi wa mkono, na kabla ya kuzoa taka alichuchumaa akaangalia mavi yao. Mavi ya dende mzima ni vidonge vyeusi, vikavu, vyenye umbo la punje ya mchele mnene. Mama alivisoma kama mimi nilivyosikiliza redio. Huyu amekula majani yenye umande, huyu ana mimba, huyu mzee meno yanamsumbua. Mimi nilikuwa nauza nyanya sokoni Base Camp, katikati ya kambi, niliondoka mapema, na kila nilipomkuta amechuchumaa hivyo nilipita kando nikishika pua kwa makusudi ili anione. Nilikuwa na mdomo, sikatai.

Msimu wa mvua wa mwaka ule, nadhani ulikuwa elfu mbili na kumi au kumi na moja, kikohozi kiliingia jikoni. Kiliwaanza dende, au kilimwanza mama, hatukujua, kwa sababu mama alikuwa na tabia ya kulala humo humo karibu na mafiga kwenye siku za baridi. Alikohoa yeye, wakakohoa wao, kachi kachi kachi, mpaka ukisimama nje hukujua nani ni nani. Nilimpeleka mama kituo cha afya. Wakasema ni nimonia, wakampa vidonge vya rangi mbili, vile vyenye unga ndani, ameze asubuhi, mchana na jioni. Muuguzi akanivuta pembeni akaniambia maneno ambayo nilirudi nayo njia nzima: mapafu haya yamechoka, huyu mama hana nyama mwilini, dawa peke yake haitoshi, akiacha kula utampoteza.

Kwa hiyo nilimlisha. Nilipika uji wa mahindi na maharagwe yaliyopondwa, nilitafuta mayai, nilimsimamia kama polisi mpaka aoneshe sahani tupu. Na alikula. Wakati huo dende walikuwa wanakufa. Wiki moja nilitoa kumi, mmoja mmoja, nikawafukia nyuma ya migomba. Alibaki mmoja tu, jike la kahawia lenye doa jeupe juu ya jicho, na huyo ndiye aliyekuwa mzee kuliko wote. Alikuwa mmoja wa wale wawili waliokuja ndani ya kitenge. Macho yalimganda kwa tongo, puani povu, nikajua kesho au keshokutwa namfukia na yeye.

Basi hakufa. Siku ya tano ya vidonge vya mama kikohozi chake kilipungua, siku ya sita kikaisha, na cha mama pia. Mama akaanza kuimba nyimbo za kanisani asubuhi, kwa sauti ile yake kubwa iliyokuwa inavuka ua na kuwaamsha majirani, na mimi nikaimba naye. Nilimshukuru Mungu kwa yote mawili, ingawa kwa la pili nilishukuru kwa ufupi.

Siku mbili baadaye nilimkuta mama amechuchumaa na ufagio mkononi, haimbi.

"Hakuna kintu," akasema. "Leo hakuna hata moja."

Yule dende alikuwa amejikunyata kwenye kona, manyoya yamesimama, macho nusu. Majani ya viazi yalikuwa mbele yake yamenyauka. Nilimshika tumbo. Lilikuwa limevimba na gumu kama mpira uliojazwa pumzi, na alikuwa anasaga meno kwa maumivu. Nikasema pengine kesho. Kesho yake hakukuwa na kitu tena, na jioni ya siku hiyo niliona kwamba uji wa mama wa mchana ulikuwa umemwagwa kwenye majivu na kufunikwa vizuri na majivu mengine.

"Mama, huu uji ni wa nani?"

"Ni yangu."

"Mbona hukunywa?"

"Nangojea yeye akule."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamuuliza kama anagoma kula kwa ajili ya panya. Nilitumia neno hilo, panya, nikijua linavyomuuma. Akageukia ukuta, na pale akiwa amenipa mgongo ndipo akasema, "Ni mimi nilimuua."

Aliniambia polepole. Asubuhi alimeza kidonge chake. Cha mchana, nikiwa sokoni, alikifungua, akachanganya ule unga na kiazi alichokitafuna, akampa dende. Cha jioni akameza. Hivyo hivyo kila siku mpaka vidonge vikaisha.

"Tulikohoa pamoja," akasema. "Tulilala fasi moja, moshi moja. Nikawaza, kama inaniponesha mimi, itamuponesha na yeye. Na kikohozi kiliisha. Si uliona kiliisha?"

Damu ilinichemka. Nilimwambia mambo ambayo mtoto hamwambii mama yake. Nilimkumbusha muuguzi, nilimkumbusha foleni niliyosimama tangu alfajiri kupata vidonge vile, nilimwambia kwamba alikuwa anacheza na maisha yake na kuniacha mimi yatima katika nchi ya watu. Alinisikiliza mpaka nikachoka. Halafu akasema, bila hasira, "Vyote tuliviacha. Roho nilizotosha kule nyumbani nikakimbia nazo, zimebaki mbili tu. Wewe na yeye."

Nilitoka nje nikasimama kwenye migomba. Niliona haya, na nilikuwa na hasira bado, vyote viwili, na sikujua nianze na kipi. Nilichojua ni kwamba mama hali, kwamba muuguzi alikuwa ameshaniambia maana yake, na kwamba sasa maisha ya mama yangu yalikuwa ndani ya tumbo la dende.

Asubuhi nilimtia dende kwenye katoni ya sabuni yenye majani makavu, nikapanda mbele kwenye lori la mkaa linalokwenda Mbarara. Dereva aliuliza nimebeba nini nikasema mayai. Tulipopita Masha ng'ombe wa pembe ndefu walikuwa wanavuka barabara bila haraka yoyote, na dereva akazima injini akawangoja. Nilifungua katoni kuangalia kama mayai yangu bado yanapumua. Yalikuwa yanapumua.

Nilikuwa nimesikia kuna duka la dawa za mifugo karibu na soko. Niliingia nikakaa kwenye benchi na wanaume waliovaa gambuti, wenye matatizo makubwa: ng'ombe mwenye kiwele kilichovimba, ndama wa kupe, fahali asiyetaka kupanda. Zamu yangu ilipofika nilifungua katoni juu ya kaunta, na benchi zima likasimama kuchungulia. Walicheka. Mmoja alinishauri nimnunulie paka.

Mwenye duka alikuwa mama mnene wa makamo. Baadaye aliniambia kwamba alizaliwa Makenke, kwenye kambi ya jeshi, baba yake mwanajeshi, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini, kinachotoka kama amri.

"Nyamaza nyinyi!" akawaambia. "Hii ndio ng'ombe yake." Kisha akanigeukia. "Hii kitu nakula nini?"

"Majani, mama. Lakini sasa haiko na kula. Siku tatu hakuna mavi."

Alimbonyeza tumbo kwa vidole viwili, akamnusa mdomo, na kabla sijaeleza zaidi akauliza, "Nani alipea yeye dawa ya watu? Ile ya rangi mbili?"

Niliinamia katoni, na akaelewa.

"Sikia, dada. Tumbo ya hii si kama yako. Ndani iko wadudu kidogo-kidogo, wengi sana. Hao ndio wapishi. Yeye nameza majani, wao napika, ndio yeye napata nguvu. Sasa nyinyi naweka dawa. Dawa naua kikohozi, naua na wapishi. Jiko imezima."

"Nipe dawa ya kuiwasha."

"Hakuna," akasema. Namshukuru mpaka leo kwa neno hilo. Angeweza kuniuzia chupa yoyote iliyokuwa kwenye rafu ile, nami ningeichukua kwa mikono miwili. Badala yake alitoa bomba kubwa la sindano, akang'oa sindano akaitupa, akanionesha kwa kutumia maji jinsi ya kuingiza ncha pembeni mwa mdomo, nyuma ya meno ya mbele. Nisage majani mabichi, nichanganye na maji ya vuguvugu, nimpe kidogo kidogo kila baada ya saa mbili, nisiharakishe asije akaingiza kwenye mapafu. Nimsugue tumbo. Nimweke penye joto. "Labda wale wapishi nabaki wawili watatu, nazaa tena," akasema. "Labda. Ukisimama kulisha, yeye nakufa leo leo."

Nilirudi Nakivale siku ile ile na kuanza. Nilisaga ukoka na majani ya viazi kwenye kinu mpaka yakawa maji ya kijani, nikayachuja kwa kipande cha kitenge, nikamkaza dende mapajani na kumpa. Nusu alimeza, nusu iliniingia kwenye mikono ya gauni. Nyanya zangu zilioza kwa sababu sikwenda sokoni. Mama alinitazama kutoka kwenye mkeka, na mimi nikaleta masharti: dende akimeza bomba moja, na yeye anameza vijiko kumi.

Alimeza vitatu akafunga mdomo. "Wewe unamusukumia," akasema. "Hiyo haiko kula."

Na alisema kweli, hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Tumbo la dende lilibaki gumu vile vile. Kila kilichoingia kilikaa. Mama alikuwa anakunywa maji tu, na nilipomsaidia kuinuka niliushika mkono wake nikaona vidole vyangu vinakutana upande wa pili, vikapitana. Niliogopa. Sijawahi kuogopa hivyo hata njiani tulipokuwa tunakimbia, kwa sababu njiani yeye ndiye aliyekuwa mbele.

Sasa niseme juu ya jirani yetu. Alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mkavu, mtu wa ng'ombe kutoka milima ya juu ya kwetu. Huko nyumbani watu wake na watu wangu walikuwa hawapeani hata moto wa kuwashia. Hapa Nakivale orodha ya viwanja ilituweka ua kwa ua bila kutuuliza. Ng'ombe wake wote walikwisha katika vita. Kila asubuhi alichukua fimbo yake akaenda upande wa ziwa, mahali wenyeji walikonyweshea mifugo yao, akasimama akawatazama, akarudi. Mimi nilikuwa nasema kwamba ni mkaguzi asiye na mshahara, na nilisema kwa sauti ya kutosha. Yeye wanyama wetu aliwaita "panya zenu". Kwa miaka miwili tulisalimiana juu ya ua, basi.

Siku ya tatu ya bomba alikuja akasimama mlangoni mwa jiko, kofia mkononi.

"Sisikii tena mama akiimba," akasema. "Kikohozi kiliisha, nilisikia. Lakini na nyimbo iliisha."

Mama akajaribu kuinuka kwa heshima, akashindwa. Yule bwana akaona. Akakaa kwenye kizingiti, akamuuliza habari ya mwili, na mama akajibu kwamba mwili uko, ila chakula ndicho hakitaki kupita. Kisha jirani akanitazama mimi, mapaja yangu yametapakaa kijani, akauliza ninafanya nini.

"Panya wetu anaumwa," nikasema.

Hakukasirika. Aliuliza tangu lini, nikamweleza yote, vidonge, Mbarara, wapishi, jiko lililozima. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Mwisho akauliza, "Aliacha kucheua?"

"Dende hacheui, baba," nikamjibu, nikijisikia mjuzi.

"Hacheui," mama akasema kutoka kwenye mkeka. "Anakulaka mavi yake."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mbele ya mtu ambaye tayari alituona walaji wa panya! Lakini mama aliendelea, kwa sauti ya mtu anayejua kazi yake. Kuna mavi ya kufagia, akasema, yale makavu. Na kuna mengine, laini, ambayo hayafiki chini kamwe, maana dende anainama na kuyachukua pale pale yanapotokea, anameza. Dende mtoto anakula ya mama yake. Bibi yake mama alikuwa anasema ndiyo yanampa nguvu. "Sasa tumbo imefungwa," akasema, "hana ya kuchukua."

Jirani aliweka fimbo chini.

"Basi ile ndiyo kucheua kwake," akasema.

Akatueleza. Ng'ombe akitoka kwenye ugonjwa mkubwa, wakati mwingine homa inakwisha lakini hacheui. Anasimama tu, tumbo limelala, na atakufa akiwa amepona. Basi unakwenda kwa ng'ombe mzima aliyelala anacheua. Unangoja mpaka alete donge mdomoni, unaingiza mkono pembeni upesi, unalinyang'anya, unakimbia nalo likiwa na joto, unalisukuma kwenye koo la yule mgonjwa. Leo, kesho, keshokutwa. "Mu ile majani kuko kintu," akasema. "Baba yangu hakujua jina yake. Lakini inaamusha tumbo."

Niliwatazama wote wawili. Yule mama wa Makenke alikuwa amenipa kipande kimoja, mama yangu alikuwa amelala na kipande cha pili kwa siku tano bila kujua ni dawa, na huyu mtu wa upande wa pili wa ua alikuwa na cha tatu. Nikasema, "Tunahitaji dende mzima." Lakini wetu wote nilikuwa nimewafukia. Mama akakumbuka familia moja ya Rubondo, upande mwingine wa kambi, aliyoipa mbegu mwaka uliopita. Rubondo ni mbali kwa miguu. Mimi siwezi kuacha bomba, mama hawezi kusimama.

Jirani alikuwa ameshavaa kofia.

"Baba, wewe?" mama akasema. "Utabeba dende?"

Aliokota fimbo akatoka. Tulisikia fimbo yake njiani.

Alirudi saa kumi alasiri, jua likiwa bado kali, koti lake limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni, mkono mmoja ameuachanisha na mbavu kama mtu mwenye jipu kwapani. Alisimama mlangoni akageuza uso pembeni. "Tosha kintu yenu," akaniambia, yaani nimtolee. Nilifungua kifungo cha juu, na dume moja nene la rangi nyeusi likanitazama kutoka ndani ya koti la mtu wa ng'ombe. Lilikuwa limemkojolea mpaka kwenye mkanda.

Mama alicheka. Kicheko kidogo, kilichomgeuka kuwa kikohozi, lakini kicheko. Na mimi nikacheka mpaka nikakaa chini. Jirani alijaribu kubaki na uso wake, akasema, "Na ng'ombe inakojoaka," ndipo naye akashindwa.

Tuliliweka dume kwenye majivu ya vuguvugu, tukalipa majani, tukangoja. Mama alituelekeza kwa kidole tangu pale mkekani: likijikunja kuinamia chini, ndipo. Mimi nilikuwa mzito, mara mbili lilimeza kabla yangu. Jirani akanisogeza. Alichuchumaa kwa mikono ile mirefu, akangoja bila kupepesa, na dume lilipojikunja mkono wake ukaenda na kurudi, na kiganjani mna vitonge vitatu vya kung'aa, laini, vyenye joto. Sikuona kinyaa. Nilivitia kwenye kikombe, nikaviponda na maji ya vuguvugu na ukoka uliosagwa, nikavuta kwenye bomba.

"Lete," akasema, akanyoosha mikono apewe mgonjwa.

Mimi nilikuwa namkaba yule dende maskini kama mwizi. Yeye alimlaza kwenye mkono wake, tumbo likae kwenye kiganja, akaingiza kidole pembeni mwa mdomo, na dende akameza yote, tone kwa tone. Kisha akamsugua tumbo kwa kidole gumba, duara pole pole, akimwambia maneno ya lugha yake kwa sauti ya chini. Sikuyaelewa, lakini mama aliyeishi jirani na milima ile alinong'ona kwamba anamsifia pembe zake.

Alirudi kabla jua halijazama, akarudi asubuhi, akarudi mchana. Siku ya kwanza hakukuwa na kitu. Siku ya pili tumbo lilinguruma, nililisikia kwa sikio langu, lakini hakuna kilichotoka, na mama alilala mchana kutwa, midomo imepasuka. Nilimbembeleza, nilimkaripia, nililia mbele yake. Aliniambia tu, "Ngoja kidogo." Nilimwomba Mungu kwa maneno ya wazi kabisa. Nilimwambia simwombei dende, namwombea mama, lakini kama njia ni hiyo moja tu, basi aanze na dende.

Siku ya tatu asubuhi nilikuwa nje nachochea kuni nikamsikia akiniita. Nilikimbia nikidhani ndiyo saa imefika. Alikuwa amejikokota kutoka kwenye mkeka mpaka kona ile, amekaa chini na ufagio mapajani, kiganja wazi. Ndani yake mlikuwa na vidonge vinne vya mavi, vidogo, vimepinda, vimeshikana kama shanga mbaya. Pembeni yake dende alikuwa ameshika jani moja la ukoka kwa meno na kulivuta ndani, mwenyewe, bila mtu, na sauti ya kutafuna ilisikika jikoni kote.

Nililia juu ya mavi, sioni aibu kusema. Nilimbusu mama mkono ule ule.

"Niletee bugali," akasema. "Na maharagi kama iko."

Sikuwahi kusonga ugali kwa haraka vile. Alikula akitoka jasho, akipumzika, akirudi kwenye sahani, mpaka nikaanza kuogopa upande wa pili, kwamba atavimbiwa, nikamwambia taratibu. Akaniambia ninyamaze. Alikuwa bado anatafuna jirani alipotokea mlangoni kwa ajili ya dawa ya asubuhi, na mama, badala ya salamu, akamnyooshea kile kiganja.

Alipiga goti moja. Akachukua kidonge kimoja, akakivunja kwa kucha, akakitazama ndani, akakinusa kama wanavyofanya na samadi ya ndama.

"Ameamuka," akasema.

"Aksanti, baba," mama akamwambia. "Umeniponesha mimi. Aksanti sana, Mungu akubariki."

Alitikisa kichwa. Hakumtazama mama, hakunitazama mimi. Alikuwa anatazama mikono yake, imechafuka kijani na nyeusi mpaka kwenye viwiko.

"Mama, ni mimi ninasema aksanti," akasema. "Tangu ng'ombe zangu ziliisha, hakuna mutu aliniita tena kwa mugonjwa. Niliwaza hii mikono imekufa na zile ng'ombe."

Pembeni yetu dende akaendelea kula. Kisha jirani akaomba maji ya kunawa. Nilichota kopo nikapiga magoti mbele yake, nikammiminia mimi mwenyewe, pole pole, mpaka mikono ikawa safi.